Tarehe ya Kuanza Kazi: Uchambuzi wa Kisa cha Nafasi Mbili Baada ya Uzamivu

Mwombaji wa kisa hiki, anayetafuta nafasi ya utafiti baada ya shahada ya uzamivu, ni wa kubuni; nimemjenga kutokana na maswali yanayorudi kila msimu wa maombi. Masharti yanayomkabili ni ya kweli, ndiyo maana nimeona afadhali nimfuate mtu mmoja hadi mwisho kuliko kugawa ushauri wa jumla ambao kila mtu anaukubali na hakuna anayeutumia.

Alitetea tasnifu yake Novemba. Anachunguza bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya mimea na jinsi wanavyoisaidia kuhimili ukame. Ana makala moja iliyochapishwa akiwa mwandishi wa kwanza, na rasimu mbili ambazo msimamizi wake bado anazirudisha zikiwa na maswali pembeni. Chuo alikosomea kinamlipa nusu mshahara kwa kufundisha vipindi vya maabara, kwa mkataba unaoisha mwisho wa Agosti. Aprili anapata majibu mawili, karibu kwa pamoja.

La kwanza, tuliite A, linatoka chuo kikuu chenye jina, kwa profesa ambaye mwombaji amekuwa akimnukuu tangu shahada ya uzamili. Ni ajira kamili: mshahara, bima ya afya, mchango wa pensheni. Mkataba ni wa mwaka mmoja, "unaoweza kuongezwa hadi miaka 3 kutegemea upatikanaji wa fedha", kuanzia tarehe 1 Julai. Kazi ni kuendeleza majaribio ambayo mtafiti aliyetangulia ameyaacha njiani. Ajibu ndani ya siku 10.

La pili, B, halina mshahara ndani yake. Profesa mshiriki wa chuo kidogo, katika nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, amesoma wazo lake la kurasa mbili, amelipenda, na yuko tayari kuwa mwenyeji wake katika maombi ya ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, fedha za Umoja wa Ulaya zinazomlipa mtafiti afanyie kazi wazo lake kwenye chuo kinachompokea. Maombi hayo hufungwa Septemba na majibu hutoka Februari. Wakikosa, wamekosa.

Wenzake wamemwambia mshika mbili moja humponyoka, kwa hiyo achague. Nusu yao wanasema A, kwa sababu ya jina na mshahara. Nusu wanasema B, kwa sababu huko atakuwa bosi wa wazo lake. Nilipoyasoma makaratasi yenyewe niliona kwamba wote wanajibu swali ambalo halipo. A na B hazipingani. Kinachoweza kuzigombanisha ni tarehe moja katika barua ya A, nayo hakuna aliyeitazama.

Miaka 3 ya karatasi

Kwanza nianze na fedha, maana huko ndiko matangazo ya kazi za utafiti yanakoficha mengi bila kusema uongo hata mmoja. Maneno "hadi miaka 3 kutegemea upatikanaji wa fedha" ni ya kweli kabisa. Lakini fedha zipi? Barua ya A inataja mradi unaolipiwa na Baraza la Utafiti la Ulaya. Ruzuku ambazo baraza hilo humpa profesa mmoja mmoja kwa kawaida hudumu hadi miaka 5, na miradi yote inayolipiwa na programu za utafiti za Umoja wa Ulaya huorodheshwa kwenye CORDIS, hifadhidata ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Pale panaonekana tarehe ya mradi kuanza na tarehe ya kuisha. Mwombaji akiandika jina la mradi anakuta kwamba umeingia mwaka wake wa nne na utafungwa Desemba ya mwaka ujao.

Ukihesabu kutoka tarehe 1 Julai, A ina fedha za miezi 18. Zilizobaki kufikia miaka 3 zitatoka kwenye ruzuku nyingine ambayo profesa hajaipata, au huenda hajaiomba. Hilo halimfanyi profesa kuwa laghai. Kila mkuu wa maabara anaishi hivyo, na wengi hupata ruzuku inayofuata. Ila mtu anayehama nchi, pengine na mwenzi na mtoto, ana haki ya kujua kwamba anaahidiwa mwaka mmoja, anatarajiwa kupewa mwaka na nusu, na kingine chote ni dua.

Kuna upande mwingine wa fedha ambao waombaji wageni huuona wakiwa wamechelewa: si kila malipo ya mtafiti wa baada ya uzamivu ni mshahara. Baadhi ya wafadhili hutoa posho. Ufadhili wa Humboldt wa Ujerumani, wenye heshima kubwa, ni wa namna hiyo. Posho inaweza kuwa nono na bado isikuingize kwenye pensheni wala bima ya kukosa kazi. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, kwa kanuni yake ya kawaida, unakitaka chuo mwenyeji kimwajiri mtafiti kwa mkataba wenye hifadhi kamili ya jamii. Kwa hiyo katika kisa hiki A na B, kwa kipengele hicho, zingekuwa sawa. Hofu ya mwombaji kwamba B ni "pesa ya wanafunzi" haina msingi.

Saa inayogonga kimyakimya

Sasa tarehe. Ufadhili huu uko wazi kwa raia wa nchi yoyote, lakini una sharti la kuhama. Katika miezi 36 inayotangulia siku ya mwisho ya maombi, mwombaji asiwe ameishi wala kufanya shughuli yake kuu, iwe kazi au masomo, kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi ya chuo anachotaka kwenda. Likizo fupi hazihesabiwi. Lipo pia sharti la muda tangu uzamivu, lisilozidi miaka 8 ya utafiti, ambalo halimsumbui mtu aliyetetea Novemba iliyopita.

Soma tena sharti la kwanza uone linachokataza. Linazungumzia nchi ya mwenyeji pekee. Mwombaji akienda kufanya kazi nchi ya A, mlango wa nchi ya B haujaguswa. Anaweza kuajiriwa A, akapokea mshahara, na Septemba akaomba na B bila kuvunja kanuni yoyote. Hapo ndipo ushauri wa kuchagua moja ulipomkosesha usingizi bure.

Lakini kazi ya A inaufunga polepole mlango wa nchi ya A yenyewe. Tuhesabu. Mwaka 2024 maombi yalifungwa tarehe 11 Septemba. Mwaka 2025 tarehe 10 Septemba. Tuchukulie basi kwamba ni wiki ya pili ya Septemba. Akianza kazi tarehe 1 Julai mwaka huu, Septemba ya kwanza inamkuta akiwa na miezi miwili na ushee katika nchi hiyo. Septemba ya pili inamkuta na miezi 14. Amepitiliza. Kwa nchi ya A hawezi kuomba tena mwaka huo, wala mwaka unaofuata ikiwa ataendelea kukaa huko.

Akianza tarehe 1 Oktoba badala ya Julai, Septemba ya kwanza inamkuta hajahama kabisa, na ya pili inamkuta na miezi 11 na siku kadhaa. Nchi zote mbili bado ziko wazi kwake.

Kwa nini ajali kuomba katika nchi ya A wakati ana mwenyeji wa B anayempenda? Kwa sababu ya yale tuliyoyaona CORDIS. Septemba hiyo ya pili ruzuku ya profesa wa A itakuwa imebakiza miezi mitatu hivi. Mwombaji atakuwa na mwaka mzima katika maabara, anawajua watu, anajua mashine ipi inafanya kazi na ipi ni pambo. Ikiwa ombi la B litakuwa limekataliwa Februari, njia ya asili kwake itakuwa kuomba fedha zake mwenyewe ili abaki alipo, au ahamie chuo jirani. Akiwa ameanza Julai, njia hiyo haipo, na atakuja kuligundua jambo hilo akiwa tayari ameandika nusu ya andiko la maombi. Nimelisikia hili kwa watu wengi mno kuliona bahati mbaya ya mtu mmoja.

Na uwezekano wa kukataliwa usidharauliwe. Mwaka 2024 ufadhili huu ulipokea maombi 10,360 na waliochaguliwa walikuwa 1,696, kama mmoja kati ya sita. Mwaka 2025 maombi yalipanda hadi 17,058. Kumwambia mtu aache ajira aliyokwisha kupewa akae akisubiri B peke yake ni kumchezea kamari kwa mfuko wake. Kila mtafiti anaruhusiwa andiko moja tu kwa kila awamu, hivyo hawezi kutawanya mbegu kwa wenyeji watano. Kinachomsaidia ni kuwa na awamu mbili badala ya moja, na katika awamu ya pili awe huru kuchagua nchi.

Saa za namna hii ziko kila mahali kwenye kazi hii, kila moja na mdundo wake. Ujerumani, sheria ya mikataba ya muda kwa wanasayansi, ya mwaka 2007, inatoa kwa kawaida miaka 6 kabla ya uzamivu na miaka 6 baada yake. Mwaka 2021 maelfu ya watafiti waliilalamikia hadharani chini ya alama #IchBinHanna. Marekani, ruzuku ya K99/R00 ya Taasisi za Taifa za Afya, inayomsaidia mtafiti kuvuka hadi uprofesa, imekuwa ikidai mwombaji asiwe na zaidi ya miaka 4 ya utafiti baada ya uzamivu. Anayeanza kazi, saa yake huanza kuhesabu siku hiyo, awe na habari au asiwe nayo.

Kilicho ndani ya maabara ya A

Jina la chuo sina mengi ya kusema juu yake. Linasaidia kwenye wasifu, basi.

Swali zito ni hili: baada ya miezi 12 au 18 ataondoka na nini mkononi? Majaribio aliyopewa yameanzishwa na mwingine. Mtafiti aliyetangulia ameondoka, na bila shaka anatarajia jina lake litangulie kwenye makala itakayotoka humo, na ana haki. Mwombaji anaweza kumaliza mwaka mzima akikamilisha makala ambayo yeye ni wa pili au wa tatu. Kwa mtu mwenye makala moja tu ya uandishi wa kwanza, hiyo ni hatari kubwa kuliko tofauti yoyote ya mshahara. Kwa hiyo kabla ya kusaini aulize waziwazi, na si kwa njia ya mafumbo: kati ya matokeo yanayotarajiwa, yapi yatakuwa yangu kama mwandishi wa kwanza, na yapi ni ya aliyetangulia?

Njia nyepesi ya kupima jibu atakalopewa ni kufungua ukurasa wa maabara na kutazama watu waliokwisha kuondoka. Si waliofanikiwa wakapigwa picha, bali wote. Achukue majina ya watafiti wa miaka 6 iliyopita, aangalie kila mmoja alikaa muda gani, alitoa makala gani kama mwandishi wa kwanza, na sasa yuko wapi. Kisha awaandikie wawili au watatu, ombi fupi la mazungumzo ya nusu saa. Watu walioondoka husema mambo ambayo walio bado ndani hawawezi kuyasema. Katika kisa chetu anawapata wawili. Mmoja anasifu sana maabara. Wa pili anasema profesa ni mwadilifu lakini huchukua miezi mingi kusoma rasimu, na kwamba sampuli na aina za bakteria zilizokusanywa pale hazitoki nje ya chuo bila mkataba wa kuzihamisha, mkataba ambao yeye aliusubiri hadi akakata tamaa.

Habari hiyo ya pili ina thamani zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu inagusa andiko la B moja kwa moja. Ikiwa wazo analoliomba na B linategemea bakteria atakaowatenga akiwa A, atakuwa amejenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu.

Hapa nitoke kidogo njiani. Nafasi hizi zilipoanza kuchukua sura yake ya kisasa, mwaka 1919, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipoanza kutoa ufadhili kwa fedha za Rockefeller Foundation kwa wanafizikia na wanakemia, fedha zilimfuata kijana na swali lake. Mwanafizikia Oppenheimer alikuwa mmoja wa waliozipata, mwaka 1927. Leo nafasi nyingi zinazotangazwa ni za kuajiriwa kwenye swali la mtu mwingine. A ni ya aina hii. B ni ya aina ile ya zamani. Sioni aibu katika ya kwanza, mtu hujifunza mengi kwenye swali la mwenzake. Ila asiingie akidhani amepewa ya pili.

Barua

Ushauri wangu ulikuwa akubali A, aombe tarehe 1 Oktoba, na amwambie profesa habari za B kabla ya kusaini. Jambo hili la mwisho ndilo lililomtia hofu. Aliona akilitaja atanyang'anywa nafasi. Nami naona kinyume: profesa atajua tu, kwa sababu maombi ya Septemba yana wasifu, na dunia ya watu wanaochunguza bakteria wa mizizi ni ndogo. Akijua kwa kusikia, barua ya mapendekezo aliyokuwa akiitegemea mwaka unaofuata imekwisha. Isitoshe, kuwa na mtafiti anayeomba fedha zake mwenyewe si hasara kwa maabara. Wakuu wengi hulichukulia kama dalili njema, mradi kazi waliyomwajiria ikamilike.

Rasimu ya mwisho ilikuwa hivi:

"Profesa, nakushukuru kwa kunipa nafasi hii, ningependa kuipokea. Nina mambo matatu ya kuafikiana nawe kwanza. La kwanza, naomba kuanza tarehe 1 Oktoba: nafundisha hadi mwisho wa Agosti, viza inaweza kuchukua miezi, na nitautumia muda huo kumaliza makala mbili za uzamivu ili nisije nazo kazini kwako. La pili, Septemba hii nitaomba ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie pamoja na mwenyeji wa nchi nyingine. Nikiupata, nitakamilisha mwaka wangu kwako kabla ya kuondoka. La tatu, naomba siku moja kwa wiki kwa swali langu mwenyewe, na tuandike ni sehemu gani ya majaribio nitakayoichapisha kama mwandishi wa kwanza."

Hakutaja hesabu ya miezi 12, wala hakuwa na haja. Sababu alizozitoa ni za kweli na zinatosha. Ahadi ya kumaliza mwaka nayo haimgharimu kitu: anayejibiwa Februari haanzi mradi Machi, kwani kuna mikataba ya kusainiwa kati ya Tume ya Ulaya na chuo, kisha ya chuo na mtafiti. Kilichobaki ni asihamie mapema. Akiingia nchini Agosti kutafuta nyumba na akaamua kubaki, siku ya kuhama si tena tarehe 1 Oktoba, hata kama mkataba unasema hivyo, na zile wiki za akiba alizojipatia zimeliwa.

Gharama yake ipo na aliitazama. Septemba nzima hatakuwa na kipato. Pia miezi mitatu ya mwanzo anayoiacha hairudishwi mwishoni, kwa kuwa ruzuku inafungwa Desemba ileile. Fedha za uhakika zinashuka kutoka miezi 18 hadi 15. Kwa mtu anayelisha familia nzima kwa mshahara huo, ningemwambia achukue Julai na mlango mmoja ufungwe. Huyu hana watoto, ana mahali pa kukaa bila kulipa kodi, na alikuwa na rasimu mbili ambazo zisingemalizika kamwe akishaingia A.

Profesa alijibu baada ya siku mbili. Tarehe, sawa. Ombi la Septemba, sawa, na akajitolea kusoma andiko. Siku moja kwa wiki aliikataa. Alitoa nusu siku, baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kuhusu uandishi aliorodhesha jaribio moja kati ya matatu kuwa la mwombaji peke yake. Juu ya bakteria wa maabara alikuwa mkavu: hawatoki.

Kwa hiyo mwombaji alirudi kwa mwenyeji wa B na habari mbaya kidogo. Lengo la pili la andiko, ambalo lilitegemea bakteria wa A, ililazimu liandikwe upya kwa sampuli ambazo mwenyeji anazo tayari kwenye majokofu yake. Sehemu kuu ya andiko ina kurasa 10 tu, na katika alama ubora wa sayansi ni asilimia 50, matokeo yanayotarajiwa 30, utekelezaji 20. Lengo linaloning'inia kwenye sampuli ambazo huna lingemuumiza kwenye ubora na kwenye utekelezaji kwa mpigo mmoja. Walitumia Juni kulibadilisha, na mkataba wa A ulisainiwa wiki hiyohiyo walipomaliza ukurasa wa nne.